JUA LA GARISSA NA STIMA YA MKULIMA

Katika mkutano wa wakulima uliofanywa Lugari mwezi wa nne, wakati mahindi yalipokuwa yakichipua, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akauliza swali ambalo hata Bwana Shamba hakuweza kulijibu mara moja. Baba yake mzee huyu alikuwa miongoni mwa watu waliopewa mashamba ya skimu katika miaka ya 1960, na yeye mwenyewe analima udongo ule ule mpaka leo. Alisema hivi:

"Mnatuambia ya kuwa kule Garissa jua linageuzwa kuwa stima. Jua ni la Mungu, na hapa pia liko. Kwa nini mitambo ikapelekwa kwa watu wa ngamia, na sisi huku mashine ya posho inazimika katikati ya debe? Tena kuna kijana anayepita nyumba kwa nyumba akiandika majina kwa shilingi 1,000. Asema kampuni zinakuja kukodi mashamba yetu ziweke vioo vya jua, na ya kuwa mtu asijisumbue kulima. Jirani yangu mmoja amekwisha mlipa, na ekari zake tatu zimelala. Mimi nimjibu nini?"

Maswali hayo ni mawili, na yote ni ya haki. Yafaa tuanze na Garissa, kwa sababu mtu asiyefahamu kazi ya kile kituo hawezi kujua kama kijana yule anasema kweli au anawadanganya watu.

KITUO CHENYEWE

Kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 13 Disemba, 2019. Ni mali ya shirika la serikali linalopeleka umeme mashambani, ambalo zamani liliitwa REA, na tangu sheria ya nishati ya mwaka wa 2019 laitwa REREC. Kilijengwa na kampuni ya China Jiangxi kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, na gharama yake ilikuwa kama shilingi bilioni 13.7. Mkulima wa skimu hahitaji kufundishwa maana ya mkopo. Watu wengi wa Lugari, Mautuma na Chekalini walikua wakiwaona wazazi wao wakitoa fedha za maziwa na mahindi kulipia udongo waliousimamia.

Mtu akifika pale haoni bomba la moshi, wala gurudumu, wala maji yanayoporomoka. Huona mabamba meusi yaliyopangwa safu kwa safu juu ya vyuma, mpaka macho yanachoka. Yako mabamba 206,272. Kila moja ni kama mlango mdogo kwa ukubwa, na nguvu yake ni wati 265. Yote pamoja yamechukua hekta 85, yaani ekari 210. Katika skimu ambayo kila mtu alipewa ekari 15, hayo yangekuwa mashamba ya watu 14.

Nguvu zinazotoka pale zikiwa kamili ni megawati 50. Neno hili megawati huwatisha watu bure. Chukua mashine ya posho yenye mota ya nguvu za farasi 20. Mashine hiyo hula kama kilowati 15 inaposaga. Megawati 50 zingeweza kuendesha mashine kama hizo zaidi ya 3,000 kwa wakati mmoja, kila moja ikisaga bila kupunguza mwendo.

JINSI MWANGA UNAVYOKUWA STIMA

Tazama jani la muhindi. Jani halichomwi na jua kama kuni, bali hulishika lile jua na kulifanyia kazi, nasi mwisho wake tunapata punje. Bamba nalo hushika mwanga, lakini halitengenezi chakula, hutengeneza umeme. Ndani ya kioo chake mna vipande vyembamba vya silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga na kusafishwa sana kiwandani. Mwanga ukipiga silikoni hutikisa chembe ndogo sana za umeme zilizomo, nazo huanza kwenda. Vipande hivyo vimetengenezwa kwa namna ya kuzilazimisha chembe kwenda upande mmoja tu, kama ng'ombe wanaopitishwa katika kijia cha josho. Mwendo huo wa chembe ndio umeme. Hakuna kinachochemka wala kinachozunguka.

Jani la muhindi, pamoja na sifa zake zote, huweka akiba sehemu ndogo sana ya mwanga unaoliangukia, hata haifiki sehemu mbili katika mia. Mabamba ya aina ya Garissa hushika kama sehemu 16 katika mia. Lakini stima hailiwi, na jambo hilo tutalirudia.

Umeme unaotoka katika bamba huenda upande mmoja, kama ule wa betri ya gari. Umeme wa nyumbani hugeuka nyuma na mbele mara 50 kwa kila sekunde. Kwa hiyo lazima upitie kwanza katika mashine zinazoitwa inveta, ambazo huugeuza, na baadaye katika transfoma ambazo huupandisha nguvu ili usipotee njiani. Kisha huingia katika njia kubwa ya volti 132,000 inayotoka Garissa kupita Mwingi hadi Kindaruma, na hapo umekwisha kuingia katika mtandao wa nchi nzima. Zamani mji wa Garissa haukuwa katika mtandao huo. Uliwashwa kwa mashine za dizeli, na mafuta yalibebwa kwa malori.

HAITAKI JOTO, YATAKA MWANGA

Watu wengi hudhani kuwa mabamba huwekwa jangwani kwa sababu ya joto kali. Sivyo. Joto huyaharibia kazi.

Wati 265 zilizoandikwa nyuma ya bamba hupimwa kiwandani bamba likiwa na joto la digrii 25. Kila digrii moja ikizidi hapo, nguvu hupungua kama sehemu nne katika elfu. Ni kidogo ukiitazama peke yake, lakini ngoja tufanye hesabu. Saa saba mchana kule Garissa hewa yenyewe hupita digrii 35, na bamba jeusi lililoanikwa juani laweza kufika digrii 65. Hizo ni digrii 40 za ziada, nazo huondoa kama sehemu 16 katika mia. Bamba la wati 265 limepoteza wati 42 kwa kupigwa na joto tu, wala hakuna mtu aliyeziiba. Tena kuna vumbi. Kioo kikifunikwa na vumbi ni sawa na dirisha lenye masizi, basi hapana budi vioo vioshwe, katika nchi ambayo maji yenyewe ni ya taabu.

Kwa upande wa jua lenyewe, Garissa haituzidi kwa kuwa karibu nalo. Garissa iko kusini kidogo ya ikweta, mji wa Kakamega uko kaskazini kidogo, na jua hupita juu ya vichwa vya watu wote wawili sawasawa. Tofauti ni mawingu. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kila mkulima wa huku ajua jinsi asubuhi inavyoweza kuwa nyeupe kama sahani, na ifikapo saa nane mawingu yakapanda kutoka upande wa Ziwa, yakatanda, na radi ikaanza, pengine pamoja na mvua ya mawe. Garissa haipati hata milimita 400. Mbingu zake hubaki wazi kwa siku nyingi, na mwenye kituo aweza kukadiria mapema atapata stima kiasi gani kesho. Kukadiria huko kuna thamani kubwa kwa watu wanaopaswa kuifanya taa ya nchi nzima isizimike.

Sababu nyingine ni ardhi. Ekari 210 zilizoshikana, tambarare, zisizo na mahindi, miwa wala chai, hazipatikani kwa urahisi kati ya Mumias na Malava. Kule Garissa nchi ni ya mifugo, na ni pana. Hatusemi ya kuwa ni nchi tupu; malisho ni mali ya mtu kama vile shamba lilivyo mali ya mtu, na mwenye mbuzi hapendi uzio kama wewe usivyopenda ng'ombe wa jirani katika maharagwe yako. Lakini uzio wa ekari 210 katika nchi kama ile hauwaachi watu wengi bila chakula.

Kwamba jangwa si sharti, ushahidi uko karibu sana nasi. Katika Kaunti ya Uasin Gishu, nchi ya baridi na mahindi, vimejengwa vituo vitatu vya jua vyenye megawati 40 kila kimoja, na kimoja kati ya hivyo kiko Kesses. Kutoka Lumakanda ni safari ya asubuhi moja kwa matatu. Mawingu ya kule si machache, ila ubaridi wa mlimani huyafaa mabamba, na njia kubwa za umeme ziko karibu. Basi yule kijana anayetembea na daftari hakusema uwongo mtupu. Ndiyo sababu ni hatari.

USIKU JE?

Tulimwuliza mzee wa Lugari kama yeye huwasha taa saa ngapi. Alicheka.

Jua hutua saa kumi na mbili na nusu hivi, na mara hiyo kituo cha Garissa hulala. Kilijengwa bila ghala kubwa la betri. Lakini saa ambazo nchi yetu hutaka stima nyingi kuliko zote ni kati ya saa moja na saa tatu za usiku, watu wanaporudi nyumbani, wakapika, wakawasha taa na televisheni. Katika mwaka wa 2025 mahitaji ya saa hizo yalipita megawati 2,300. Wakati huo Garissa haitoi hata wati moja.

Kwa hiyo mtu akisikia "megawati 50" asidhani ya kuwa ni 50 usiku na mchana. Asubuhi huanza kidogo kidogo, huja kileleni adhuhuri, kisha hushuka. Waliokijenga walikadiria kitatoa kama megawati-saa 76,000 kwa mwaka. Ukizigawanya kwa siku 365, utaona ni sawa na kufanya kazi kwa nguvu zote saa nne na kidogo kila siku. Lori linaloweza kubeba tani saba si lazima libebe tani saba katika kila safari.

Je, kina faida gani basi? Faida yake kubwa iko katika mto Tana. Mto huu hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako huzungusha mitambo ya umeme, kisha huteremka nchi kavu na kupita kando ya mji wa Garissa kwenda baharini. Mitambo ya mabwawa yaweza kufungwa na kufunguliwa kama bomba. Mchana, mabamba yanapofanya kazi, maji huachwa bwawani yangoje. Jua likitua, milango hufunguliwa. Ni kama mama mwenye ng'ombe wawili, mmoja hukamuliwa asubuhi tu na mwingine aweza kungoja jioni. Mwenye akili hamkamui huyu wa pili asubuhi huku maziwa ya yule wa kwanza yakimwagika.

Mnaweza kukumbuka mwaka wa 2009. Mvua zilikosekana, bwawa la Masinga likapungua hata mtambo wake ukafungwa, na stima ikatolewa kwa zamu. Siku za ukame kama zile ndizo siku ambazo mabamba ya jua hufanya kazi bora, kwa maana hakuna mawingu. Maji na jua havikosekani kwa pamoja, na ndiyo maana vinafaa kufungwa nira moja. Pamoja navyo kuna mvuke wa Olkaria, ambao haujali usiku wala ukame na hutoa sehemu kubwa kuliko zote, na kuna upepo wa Loiyangalani wa megawati 310, na umeme unaonunuliwa Ethiopia na Uganda. Watu wa magharibi hawapaswi kushangaa kutumia stima ya mbali. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka wa 1954, na tangu 1958 umeme wake umekuwa ukivuka mpaka kuja Kenya.

KWA NINI BASI MASHINE YA POSHO INAZIMIKA?

Stima ikiingia katika mtandao haina jina tena. Huwezi kusema uniti hii ni ya Garissa na hii ni ya Olkaria, kama vile maji ya mto Nzoia hayawezi kukwambia ni tone gani lilitoka Cherangani na lipi Mlima Elgon. Umeme unaofika Lugari au Shinyalu ni mchanganyiko wa wote, na jua la Garissa limo ndani yake wakati wa mchana, ingawa kwa kipimo kidogo.

Mara nyingi mashine ya posho huzimika kwa sababu zilizo karibu zaidi. Mti umeangukia waya, radi imepiga transfoma, nguzo imeoza, au watu wabaya wamefyonza mafuta ya transfoma wakayauza. Kujenga vituo vingine kumi jangwani hakutaponya nguzo iliyooza Matete. Kuna siku chache ambazo kosa huwa la mtandao mzima, kama tarehe 25 Agosti, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, lakini hizo si kawaida. Kwa hiyo mwenye mashine ya posho akizimikiwa, kwanza atazame kama jirani anazo taa, kisha apige simu kwa kampuni ya umeme aeleze nambari ya transfoma. Kulaumu Garissa hakutamsaidia.

Liko jambo moja linalomfikia kila mnunuzi wa stima. Ukinunua tokeni na ujumbe ukaja katika simu, usisome nambari ya tokeni tu. Soma pia makato. Utaona gharama ya mafuta. Hiyo hupanda mashine za dizeli zinapotumika sana, na hupungua jua, maji na mvuke vinapochukua nafasi yake. Utaona tena herufi REP. Hiyo ni tozo ya kupeleka umeme mashambani, sehemu tano katika mia za bei ya umeme uliotumia, nayo huenda kwa REREC, lile lile shirika lenye kituo cha Garissa. Kwa hiyo mkulima wa Likuyani anayenunua tokeni ya shilingi 100 naye ana senti zake katika kazi ya shirika hilo. Anayo haki ya kuuliza.

SASA HABARI ZA SHAMBA LAKO

Turudi kwa kijana wa daftari.

Ekari moja ya mabamba, kwa hesabu ya Garissa, hutoa zaidi ya uniti 360,000 kwa mwaka. Hizo zatosha nyumba 1,000 zinazotumia uniti 30 kila mwezi. Ni jambo kubwa, na mtu akisikia atafikiri mwenye ekari atatajirika. Lakini fedha za stima si za mwenye ardhi. Ni za mwenye mabamba, naye anadaiwa na benki. Mwenye ardhi hupata kodi aliyopatana nayo, basi. Ekari hiyo hiyo ikitiwa mbegu nzuri na mbolea na kupaliliwa mara mbili yaweza kutoa magunia 20 ya mahindi, na watoto wakala kabla gunia la kwanza halijauzwa. Hatusemi kodi ya mabamba ni mbaya siku zote. Twasema mtu ahesabu vyote viwili.

Kampuni ya kweli ya kituo kikubwa hutafuta nini? Hutafuta ekari mia au mia mbili zilizoshikana, si ekari tatu hapa na ekari mbili kule ng'ambo ya kijito. Hutaka mahali karibu na njia kubwa ya umeme au kituo cha kugawia kama kile cha Musaga, kwa maana kila kilomita ya waya ni gharama. Kabla ya kuchimba hata shimo moja yapasa iwe na leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na mkataba wa kuuza umeme wake. Kituo cha Garissa kilifanya mkataba wa namna hiyo na kampuni ya umeme kwa bei ya kama senti tano na nusu za dola ya Marekani kwa uniti. Na tena kampuni ya kweli humlipa mwenye shamba. Haimtozi. Mtu akikuomba shilingi 1,000 ili uandikwe, hiyo ndiyo biashara yake yote.

Ikitokea kampuni ya kweli imekuja, sheria ya nchi imeweka ngao mbele yako. Shamba la kilimo haliwezi kuuzwa wala kukodishwa kwa mkataba kama huo bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, kwa sheria ya mwaka wa 1967. Kibali huombwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa, na yasipoombwa, mapatano hayo ni bure mbele ya sheria. Sheria hiyo hiyo inaizuia bodi kutoa kibali ikiwa anayetaka shamba si raia wa Kenya, au ni kampuni ya binafsi yenye wanahisa wasio raia, isipokuwa Rais ametoa ruhusa ya pekee. Zaidi ya hayo, kugeuza shamba la mahindi kuwa shamba la mabamba ni kubadili matumizi ya ardhi, na Kaunti lazima iidhinishe. Na kama deni la skimu bado limeandikwa katika hati yako, hilo litatazamwa kwanza kuliko mengine yote.

Ogopa zaidi karatasi isiyotaja kodi. Ziko karatasi zinazosema tu ya kwamba unaiwekea kampuni shamba kwa miaka kadhaa ikiwa itapenda kuja. Ukitia sahihi umejifunga, wewe huwezi kumkodisha mwingine wala kugawia watoto, na yeye hajajifunga kwa lolote. Msomee mke wako, maana yeye pia ana haki katika shamba la nyumbani, nawe bibi umsomee mume wako. Peleka karatasi kwa wakili kabla ya sahihi, si baada yake. Uliza ni nani atakayeng'oa vyuma na saruji miaka 25 ikiisha, na kama udongo wa juu utakaochimbwa utarudishwa. Mtu anayesema mambo hayo yataandikwa baadaye, mwambie arudi baadaye.

Wengine wameuliza kama mtu aweza kupanda chini ya mabamba. Jambo hilo limejaribiwa hapa Kenya, huko Isinya katika Kaunti ya Kajiado. Mabamba 180 ya wati 345 yaliinuliwa juu ya nguzo ndefu na mboga zikapandwa chini yake. Katika mwaka wa 2022 ilitangazwa ya kuwa kabeji zilizokuwa kivulini ziliwazidi wenzao wa juani kwa theluthi moja, kwa sababu udongo haukukauka upesi. Ni habari njema, lakini Isinya ni nchi kavu yenye jua kali. Kwetu ambako mawingu yenyewe ni kivuli, na muhindi hautaki kivuli hata kidogo, usitarajie matokeo yale yale. Kwa kabeji na sukuma wiki katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, pengine. Kwa mahindi, hapana.

Mwenye kutaka jua limfae hapa hapa hahitaji ekari wala kampuni. Mabamba mawili au matatu juu ya paa yatavuta maji kisimani na kuwasha taa. Yaelekezwe karibu kulala, yakiinama kidogo tu ili mvua iyaoshe, kwa kuwa jua letu hupita utosini. Yasiwe chini ya mwembe wala mkalitusi, maana kivuli cha tawi moja juu ya pembe ya bamba hupunguza nguvu kuliko mtu anavyodhani. Kazi ya kuvuta maji ifanywe asubuhi hadi saa saba, kabla mawingu ya Ziwa hayajafika. Vioo vioshwe alfajiri vikiwa baridi. Maji baridi juu ya kioo cha moto yaweza kukipasua.

Mzee wa Lugari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza siku ambayo Bodi ya Ardhi itaketi, akaandikiwa katika kipande cha karatasi. Kisha akasema atapita kwa jirani yake jioni ile. Mvua zilikuwa bado, na mbegu za muda mfupi zingeweza kuwahi.